Kasumba na Mazoea katika Uhakiki wa Fasihi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili neno kasumba limetwishwa mzigo mkubwa. Maana yake ya asili ni afyuni. Kwa istiari likaja kutaja fikira zilizopandikizwa na mkoloni au bwana, hata mtu akatenda atakavyo mwingine pasipo kufikiri. Istiari hiyo ina nguvu, kwani yakumbusha kwamba mlevi huyu alileweshwa. Hata hivyo ina kasoro: mlevi haulizwi sababu, na mhakiki akishasema kwamba mhusika ana kasumba huona kazi yake imekwisha.

Mfano ni Kijakazi katika riwaya ya Adam Shafi Adam, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Mtumishi huyu humtii Fuad kama avutavyo pumzi, na hata baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 moyo wake hauachani na bwana mara moja. Kusema kwamba amelishwa kasumba ni kutaja ugonjwa bila ya kutaja chanzo chake.

Utafiti wa Mrusi Ivan Pavlov (1849–1936) waweza kusaidia hapa. Mbwa wake walitokwa na mate kwa kusikia tu mlio uliokuwa ukitangulia chakula. Neno la Kirusi alilolitumia kuueleza mwitikio huo lamaanisha “wenye sharti”. Katika Kiingereza likageuzwa kuwa mwitikio “uliofunzwa”, na sharti likafifia. Nalo sharti ndilo kiini: mlio ukirudiwa mara nyingi pasipo chakula, mate hupungua, ingawa baada ya muda huweza kurudi.

Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na ugunduzi huo, nalo ni mazoea. Mtu huzoea kitu, na kitu hicho chaweza kutajwa. Kijakazi alipata nini kila alipotii, na alihofu nini kama angekataa? Maswali haya humrudisha msomaji kwenye ardhi, kazi na riziki, yaani kwenye uhusiano wa kitabaka ulioufanya utii uwe njia ya kuishi. Tena yaeleza kwa nini dola hupinduliwa kwa usiku mmoja na mtumishi asibadilike asubuhi yake.

Kasumba na ibaki, kwa kuwa yamshtaki mleweshaji. Lakini mhakiki aitamkaye kila amwonapo mtumishi mtiifu, naye pia ameitikia kwa mazoea.