Surrey: Kihisi cha Chooni na Simu ya Muuguzi

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akipata maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi hasemi kwamba anaungua akienda haja ndogo. Pengine hawezi kueleza, pengine ameshasahau kuwa aliumia. Wanachokiona wa nyumbani ni kuchanganyikiwa kuliko kawaida: anaweweseka, anagombana na kila mtu, anaanguka. Wao hudhani ni ugonjwa ule ule umezidi. Siku zinapita bila dawa, mwishowe analazwa.

Mradi wa TIHM, wa kuwafuatilia wagonjwa kama huyo nyumbani kwa vihisi, ulilenga mwanya huo. Ulianza mwaka 2016 katika kaunti ya Surrey, kusini mashariki mwa Uingereza, ukiongozwa na taasisi ya afya ya akili ya Surrey and Borders, iliyo chini ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, pamoja na Chuo Kikuu cha Surrey na kampuni za teknolojia.

Vifaa vyenyewe havina maajabu. Kihisi cha mwendo, kile kile kinachowasha taa ya barazani mtu akipita, hubandikwa ukutani chumbani, jikoni na chooni, kikinusa joto la mwili unaosogea. Vihisi vingine hukaa kwenye mlango wa nje na wa friji, na mkeka mwembamba wa kupima usingizi hulazwa chini ya godoro. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopiga picha wala kinachomtaka mgonjwa akumbuke lolote. Hapo wabunifu walitumia akili, maana kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni hakimfai mtu atakayesahau kwamba amekivaa. Kazi ya mkono ni vipimo kama presha, joto na uzito, na mwangalizi husaidia.

Kinachorekodiwa ni kidogo mno: choo, saa 8:40 usiku, choo tena, saa 9:15. Maana yake hutokana na mazoea ya nyumba hiyo hiyo. Programu hujifunza kwanza siku za kawaida za mgonjwa, kisha humlinganisha naye mwenyewe, si na wazee wengine. Aliyezoea kuamka mara mbili usiku akianza kuamka mara tano, na joto limepanda, onyo hutokea kwenye skrini.

Skrini hiyo iko mbele ya watu, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ngumu kuiga. Wahudumu wa afya hupokea onyo na kumpigia simu mwangalizi. Je, jana kulikuwa na wageni? Anakula? Ikibidi, mkojo hupimwa. Jibu kama kweli kulikuwa na tatizo, liwe ndiyo au siyo, hurudishwa kwenye programu ili ijue ilipopatia na ilipokosea. Bila jibu hilo mashine haina mwalimu. Mwaka 2023 watafiti walitoa hadharani data ya nyumba 56, jumla ya siku 2,803, iliyokusanywa mwaka 2019. Matukio yaliyothibitishwa na wahudumu ni machache sana ukilinganisha na mlima wa rekodi za milango na vyumba. Ndiyo maana wahandisi waliifundisha programu kwanza kwa rekodi zisizo na majibu, wakaongeza yale machache baadaye. Kazi hiyo imeendelezwa Imperial College London kwa jina la Minder.

Udhaifu mkubwa ni kwamba kihisi cha ukutani huona joto, hakioni sura. Wagonjwa wengi wa Surrey huishi na mke au mume, naye pia huamka usiku. Mkeka wa kitandani unaweza kusaidia kujua nani ametoka, lakini si kila mara. Kwenye nyumba ya Temeke, Dar es Salaam, yenye wajukuu sita na choo kimoja, mantiki yote ya kuhesabu safari za usiku ingeanguka, na mhandisi angelazimika kuanza upya, pengine na joto la mwili na usingizi peke yake.