Mahari Iliyogeuzwa Mkondo: Gathoni na Shamba katika Nitaolewa Nikipenda

Wahakiki wengi wameisoma Nitaolewa Nikipenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii iliyoigizwa Kamirithu mwaka 1977, kama kisa cha unyang'anyi wa ardhi. Usomaji huo ni sahihi, ila humwacha Gathoni pembeni, ilhali shamba la babake, Kiguunda, halipotei pasipo tamaa ya kumwoza binti huyo.

Kwa desturi ya Wagikuyu, mali ya ndoa hutoka kwa waoaji na kuingia nyumbani kwa binti. Hapa mkondo umegeuzwa. Kabla ya mbuzi hata mmoja kufika, Kiguunda anaweka rehani hati ya ekari moja na nusu ili agharimie harusi yake mwenyewe ya kanisani na mkewe Wangeci, akiamini kwamba hilo ndilo sharti la Gathoni kuolewa na mwana wa Kioi, tajiri aliyemwajiri. Posa yenyewe haikutamkwa; wazazi waliisikia kwa sababu waliitamani. (Kiguunda ni mdhulumiwa, naam, lakini pia ni baba anayepiga hesabu, na hili halijasemwa vya kutosha.) Gathoni anapopata mimba na kukataliwa, anafukuzwa nyumbani na kuishia kuuza pombe baa. Shamba nalo linanadiwa. Mnunuzi ni Kioi.

Jina la tamthilia ni kauli ya mwanamke, kwani mwanamume huoa, haolewi. Hata hivyo, wimbo wenye maneno hayo unawekwa kwanza kinywani mwa mlevi apitaye njiani, si kinywani mwa Gathoni.