Hao ni Akina Nani? Kuisoma Amri ya Kwanza Pamoja na Okot p'Bitek

Makala haya yanahusu amri ya kwanza kati ya zile Kumi, inayokataza kuwa na miungu mingine. Nitaijadili kwa msaada wa kitabu cha Okot p'Bitek, African Religions in Western Scholarship, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hoja yangu ni kwamba amri hii haiwezi kutumiwa kwa kukagua majina ya miungu. Anayeitumia hivyo huenda akachoma kitu kisicho na kosa na kuliacha kosa lenyewe likiendelea.

Nina sababu yangu ya kuandika. Likizo ya Desemba miaka miwili iliyopita, baba yangu mdogo, ambaye ameokoka, alikwenda na mchungaji wake nyumbani kwa jjajja, bibi yangu, kijijini Mpigi. Jjajja alikuwa na kikapu kidogo cha marehemu mama yake. Ndani yake mlikuwa na buni za kahawa, simbi chache na kipande cha lubugo, yaani nguo ya gamba la mti. Mchungaji alisema kikapu hicho ni mungu mwingine na ni lazima kichomwe. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesomea lugha chuoni, niliambiwa nisome Kutoka sura ya 20 kwa sauti. Nikasoma. Jjajja ni Mkatoliki, na kila Juni 3 huenda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hao miungu wengine ni akina nani?" Sikuwa na jibu. Kikapu kilichomwa nyuma ya jiko.

Mwaka uliofuata nilikisoma kitabu cha Okot. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa maoni ya Okot, lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya Biblia, hivyo swali likageuka kuwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, kwa sababu mtu huzaliwa na mama yake, hafinyangwi kama chungu. Mapadri hawakuacha kuuliza. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba wako watu wanaozaliwa wazima, kisha wakapata ugonjwa wa uti wa mgongo na kupinda wakawa vibyongo. Hao ndio waliofinyangwa, na anayewafinyanga ni Rubanga. Mapadri wakaondoka na jina hilo. Mpaka leo Wakatoliki wa Acholi humwita Mungu Rubanga.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tusiharakishe kucheka. Kitenzi chetu "kuumba" ni ndugu wa "okubumba" wa Kiganda, na Muganda akisema "okubumba" anazungumzia vyungu. Kisa hiki pia kinatusaidia kuielewa Song of Lawino (1966), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Wimbo wa Lawino kwa tafsiri ya Paul Sozigwa. Humo Lawino anamwita Mungu wa wamishenari kwa jina la kibyongo. Nilipousoma utenzi huo sekondari nilidhani anatukana. Kumbe anachukua jina walilochagua mapadri wenyewe na kulirudisha kwenye maana yake ya nyumbani.

Uzito wa kisa uko hapa. Mapadri walifundisha watu waache miungu mingine, na jina walilolitumia kufundishia lilikuwa la mmoja wa hao waliopaswa kuachwa. Okot anahitimisha kwamba wanazuoni waliivika miungu yetu nguo za kigeni, na lawama yake inawafikia pia Waafrika waliosomea theolojia. Mmoja wao ni John Mbiti, Mkenya aliyezaliwa mwaka uleule wa Okot, 1931, na aliyefundisha Makerere kwa muda mrefu. Mbiti alishikilia kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja kabla ya mmishenari yeyote kufika, na kwamba pepo na mizimu wako chini yake. Kwa Okot, huko ni kuingiza Ukristo kwa mlango wa nyuma na kuuita mila.

Nakubaliana na Okot kwamba Mbiti anatutuliza mapema mno. Ikiwa majina yote ni ya Mungu mmoja, amri haina tena cha kukataza. Lakini Okot naye ana udhaifu. Anaongea kana kwamba neno hubaki na maana yake ya kwanza milele. Mama wa Gulu anayemwomba Rubanga leo haombi ugonjwa wa mgongo. Zaidi ya miaka mia ya sala, mazishi na ubatizo imelibadilisha neno hilo. Lugha ni ya wanaoitumia, na Okot aliyeandika kwa Kiacholi alilijua hilo kuliko sisi.

Huku Buganda jambo hili lilikwenda kwa njia nyingine. Jina lililochukuliwa ni Katonda, kutoka kitenzi "okutonda", kuumba. John Roscoe, mmishenari aliyeandika The Baganda (1911), anamtaja Katonda kama baba wa balubaale, miungu ya Buganda, lakini mwenye ibada ndogo kuliko wanawe kama Mukasa wa ziwani na Kibuuka wa vita. Masalia ya Kibuuka yalipelekwa Cambridge, yakarudishwa wakati wa uhuru, na sasa yako katika Makumbusho ya Uganda hapa Kampala. Hivyo baba aliingia katika Biblia na mwana akaingia makumbusho. Aliyewagawa hivyo ni mtafsiri.

Sarufi nayo inashiriki katika hukumu. Katika Biblia ya Kiganda miungu mingine ni "bakatonda", na kiambishi "ba-" ni cha watu. Kwa Kiswahili, "Mungu" hupatanishwa kama mtu: Mungu anasema, Mungu amesikia. Lakini wakiwa wengi tunasema "miungu mingine, miungu yao", sawasawa na miti mingine na mito yao. Kwa Kiganda miungu mingine bado ni watu wanaoweza kukujibu. Kwa Kiswahili imekwisha kuwa vitu kabla hujafika mwisho wa sentensi. Jjajja aliuliza ni akina nani kwa sababu alisikia watu. Mchungaji aliona kitu, kikapu, na kitu huchomeka.

Mtu anaweza kunijibu kwamba matatizo haya ni ya tafsiri tu, na kwamba Kiebrania kiko wazi. Hakiko wazi. Katika amri hii neno "elohim" linatumika kwa Mungu anayesema na kwa wale anaowakataza. Jina fupi zaidi, "El", lilikuwa pia jina la mkuu wa miungu ya Kanaani, kama tunavyojua kutokana na vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Ugarit, Siria, kuanzia mwaka 1929. Waisraeli nao walisali kwa neno la majirani. Kuna jina moja la pekee, lile la herufi nne, lakini katika Biblia zetu limefunikwa kwa cheo: Bwana kwa Kiswahili, Mukama kwa Kiganda. Bwana ni mume wa mtu au bosi wa ofisi. Mukama ni cheo cha mfalme wa Bunyoro.

Basi, kama jina halitoshi, amri imeshika nini? Naona jibu liko kwenye maneno yanayoitangulia. Kabla ya kukataza chochote, Mungu anajitambulisha kwa kazi aliyoifanya: aliwatoa watu katika nyumba ya utumwa Misri. Nikisoma hivyo, mungu mwingine ni yule anayekurudisha utumwani, awe anaitwa nani. Kipimo hiki si laini. Hapa Uganda yako masabo ambako watu huuziwa hofu, na yako mauaji ya kafara, hata Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku kafara ya binadamu mwaka 2021. Huko siwezi kujificha nyuma ya Mbiti na kusema yote ni njia za Mungu mmoja. Lakini kipimo hicho hicho kinaingia kanisani. Mjane anayeambiwa mwanawe hataponywa mpaka anunue chupa ya mafuta ya upako amewekwa chini ya mungu mwingine, ingawa jina linalotajwa ni la Yesu.

Na kikapu? Sitaki kudanganya. Jjajja hakukitumia kama pambo. Kabla ya safari alikuwa akichukua buni moja, akitaja jina la mama yake, kisha akifanya ishara ya msalaba. Mchungaji aliona ibada ya pepo. Mimi niliona mtu anayeaga wazazi kabla ya kuondoka. Huenda sote wawili tuliona nusu. Lakini hakuna aliyemuuliza jjajja kama kikapu kile kilimtia hofu, kama kilimgharimu, kama kilimtenga na jirani. Kulikuwa na maswali ya kuulizwa, tukayaruka tukaenda moja kwa moja kwenye kiberiti.

Kwa kuhitimisha, Okot amenifundisha kwamba katika amri ya kwanza neno gumu kuliko yote ni "mingine". Jina peke yake haliamui nani ni mwingine. Inabidi tutazame anamfanyia nini mtu anayemtumikia. Desemba hii nitarudi Mpigi. Nitamwambia jjajja kwamba siku ile nilisoma maneno yote sawasawa, na kwamba sikujua nilichokuwa nikisoma.