Mwisho wa Reli: Uchanganuzi wa Kirai Kimoja

Jina la Kigoma huandamana na maneno matatu, "mwisho wa reli", na mazoea yametufanya tuyapokee kama anwani tu. Yakisomwa kwa utulivu, maneno hayo ni utungo mfupi wenye umbo lililokamilika. Silabi mbili zinatangulia, silabi moja inashika katikati, silabi mbili zinafuata. Mkazo unaangukia mwi- upande huu na re- upande ule, na "wa" inabaki bawaba ya pande zote mbili. Neno la Kibantu limewekwa mbele na neno lenye asili ya Kiingereza nyuma, ingawa waliotandika reli yenyewe ni Wajerumani. Kitenzi hakimo. Kirai hakidai jambo, kinalitaja tu, na lililotajwa pasipo kudaiwa ni vigumu kulibishia.

Wasikiaji wengi hukielewa kirai hiki kama tamko la umbali: huko ndiko nchi inakoishia. Sarufi yake haisemi hivyo. "Wa reli" ni kivumishi kinachoubana "mwisho" na kuunyima uhuru wa kuenea. Kilichokwisha ni chuma, si nchi wala safari. Historia inaiunga mkono sarufi. Ujenzi ulioanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ulifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, baada ya zaidi ya kilomita 1,200, nao ukaiacha kando Ujiji, mji ambao misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa ikiufikia miaka mingi kabla, na ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina cha kufaa meli. Reli ilikomea pale ambapo chombo kingine kingeweza kuipokea.

Uteuzi wa neno la kwanza nao unastahili kupimwa kwa kulibadilisha. Tukisema "kikomo cha reli", tunapata mpaka: kukoma ni kusimama, na aliyesimama huenda amezuiwa. Tukisema "hatima ya reli", tunasikia swali la magazeti juu ya majaaliwa ya shirika. Neno hili, pamoja na hitima na kuhitimu, limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutia muhuri, na kilichotiwa muhuri hakifunguliwi ovyo. Tukisema "tamati ya reli", tunatangaza kazi iliyotimia. Tamati, iliyozoeleka kufungia tenzi, katika Kiarabu ni kitenzi kizima chenye maana ya "imetimia", na ni ndugu wa timia na timiza yetu. Ni sentensi iliyojikunja ikawa neno. "Mwisho" hauna fahari hiyo. Umejengwa juu ya kwisha, kitenzi tunachokitumia kwa unga na mafuta ya taa: kilikuwapo, sasa hakipo. Hauhukumu kama kilichokwisha kilitimia. Kwa kuchagua neno hili nyenyekevu, kirai kinaiacha wazi njia iliyo mbele.

Hapa inafaa kuuliza ni kazi gani hasa tumekifanyia kirai hiki. Lugha yetu inatupa majina mawili yanayochanganywa kila siku. Kuchambua ni kazi ya mikono: pamba huchambuliwa mbegu zitoke, na dagaa wa Kigoma huchambuliwa vichwa kabla ya kuingia sufuriani. Uchambuzi, kwa asili yake, una taka. Unatenga ili kitu kimoja kibaki na kingine kitupwe. Kuchanganua ni kauli ya kutendua ya kuchanganya, kama fungua ilivyo kwa funga, na uchanganuzi hautupi kitu. Unarudisha kila sehemu mahali pa kuonekana, na kwa hiyo unaacha uwezekano wa kuunganisha tena.

Mfano wake umo katika bandari ileile. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa makashani na kusafirishwa hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Mafundi wa Papenburg hawakuichambua meli ile, kwani kipande kimoja kilichotupwa kingeiharibu nzima. Waliichanganua, na kipimo cha uchanganuzi wao kilikuwa kuelea kwake.

Kipimo hicho kinautosha uhakiki pia. Hakiki na haki zina mzizi mmoja wa Kiarabu, wa ukweli na stahiki, na hapo ndipo uhakiki unapozidi uchanganuzi: hauishii kutenganisha, bali unatoa hukumu. Hukumu yangu juu ya kirai hiki ni kwamba ubora wake umo katika kiasi chake. Msemaji anayetamka "mwisho wa reli" kwa dhihaka ya umbali amekichambua, akabaki na "mwisho" na kutupa "wa reli"; anayekisoma kizima atakuta maneno yanayojua mpaka wa madai yao, sifa ambayo hata tungo ndefu huikosa.