Kamera Iliyofuta Anga la San Francisco

Anga la San Francisco la tarehe 9 Septemba 2020 wengi wanalikumbuka: moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua ulichuja mwanga wa bluu, mji mzima ukapambazukiwa na rangi ya chungwa. Wengi waliolipiga picha kwa simu waliambulia kijivu. Simu hazikuharibika, zilitii. Aliyekosea ni aliyezipanga zitii hivyo.

Hesabu kongwe ya kusawazisha weupe, yaani kurekebisha rangi ili cheupe kionekane cheupe, huchukulia kwamba wastani wa rangi zote za picha ni kijivu. Chungwa likizidi, nyekundu inapunguzwa na bluu inaongezwa. Sebuleni, chini ya balbu ya njano, hesabu hiyo haina ubaya. Kamera za leo zimeiongezea maarifa mengi, ila dhana ni ileile: mwanga wenye rangi ni uchafu wa kuoshwa. Siku ile mwanga ndio uliokuwa habari yenyewe! Na programu ya kamera inayokuja na iPhone haikumwachia mpigaji kitufe cha kukataa. Aliyetaka chungwa lake ilibidi atafute programu ya pembeni, kama Halide. Ni kiburi kilekile cha mmweko unaojiwasha bila kuombwa.



Jicho nalo husawazisha, lakini halifuti. Shati jeupe hubaki jeupe machoni, na mvaaji bado anajua kwamba amesimama kwenye mwanga wa chungwa. Edwin Land, mwasisi wa Polaroid, hakuutegemea wastani. Mwaka 1971 yeye na John McCann walieleza majaribio ya ubao wa karatasi za rangi uliomulikwa na projekta tatu. Mwanga ulirekebishwa hadi karatasi ya rangi moja irudishe viwango vilevile vilivyorudishwa na ya rangi nyingine, na watazamaji wakaendelea kuona kila moja kwa rangi yake, kwa sababu jicho hulinganisha kitu na majirani zake. Hata filamu ya mchana, iliyopangwa kwa mwanga wa kelvini 5,500 na isiyojirekebisha, ingelinasa chungwa lile bila ubishi.

Desemba 2020 Apple ilileta ProRAW, faili inayomwezesha mpigaji kurekebisha weupe baadaye. Iliwafikia wenye iPhone 12 Pro na Pro Max tu.