Fundi wa Picha Asiye na Haraka

Barabara ya Taifa nambari 5, ile inayopita Luberizi katika bonde la Ruzizi kutoka Uvira kwenda Kamanyola, ukiifuata kusini mpaka mwisho wake unafika Lubumbashi. Ndiko alikozaliwa mpiga picha Sammy Baloji mwaka 1978, na ndiko alikosomea habari na mawasiliano.

Mwaka 2006 alitoa mfululizo wa picha uitwao Mémoire. Alikwenda kwenye migodi na viwanda vya Gécamines, kampuni iliyorithi mali ya Union Minière ya Wabelgiji, akapiga picha majengo yaliyoachwa na mitambo iliyonyamaza. Picha moja haikutosha, akaunganisha kadhaa zikawa mandhari pana. Kisha akafungua kumbukumbu za kampuni, akatoa watu wa enzi ya ukoloni, vibarua weusi na mabwana wao, akawasimamisha mbele ya magofu.

Uunganishaji huo aliufanya kwenye kompyuta. Kumtoa mtu mmoja ndani ya picha kuukuu si mchezo: mshale unafuata ukingo wa sikio, unashuka begani, unazunguka kidole kimoja kimoja, na ukiteleza unarudi nyuma. Leo zipo programu zinazomkata mtu kwa sekunde. Zina faida zao, ila aliyekata kwa sekunde hajamtazama aliyemkata.

Baloji angeweza kuwatia rangi watu wale ili wafanane na mahali. Hakutaka. Picha zao zimebaki nyeusi na nyeupe huku ukuta nyuma yao una rangi, na jicho linakwama hapohapo kwenye mshono. Ujanja wote umo humo. Telefoni imekizoeza kidole gumba kusukuma picha kabla haijaonekana, lakini picha ya Baloji haisukumiki.

Mwaka 2007 kazi hiyo ilipata tuzo mjini Bamako. Mwaka uliofuata Baloji na wenzake wakaanzisha tamasha la picha mjini Lubumbashi.

Magofu ya namna hiyo hayakosekani hata bonde la Ruzizi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama miaka ya 1990 kwa sababu ya vita, na kijana wa Luberizi mwenye telefoni anayetaka kufanya kama Baloji anaweza kuanzia pale. Kazi itakuwa kupata watu wa kuwasimamisha mle. Baloji alikuwa na ghala la kumbukumbu za kampuni. Kijana huyu itambidi apige hodi nyumba kwa nyumba, aombe picha za harusi na za siku ya mshahara, akae aambiwe nani ni nani.