Gramu 70 Zilizopotelea Kwenye Rola

Nitamke hukumu mapema. Kuiruhusu mifuko ya kitambaa kisichofumwa iwe mbadala wa mifuko ya plastiki iliyokatazwa Tanzania kuanzia Juni 1, 2019, lilikuwa kosa la kiufundi, na dalili zake zilionekana kabla halijatendeka. Katazo lenyewe lilikuwa sahihi, na mifuko ile myepesi ilitoweka madukani haraka kuliko wengi walivyotarajia. Hilo nalisifu na kulipita.

Kumbukeni mfululizo wa matukio. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, na mfuko usiofumwa ukajaza pengo. Machi 2019, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatangaza kwamba mfuko huo nao marufuku: ulikuwa unatengenezwa kwa ubora duni, haukutumika tena na tena kama ilivyokusudiwa, ukaishia jalalani kama ule uliotangulia. Aprili 9, 2019, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalitangazia Bunge letu katazo la Juni. Majirani walikuwa wametufanyia majaribio ya mwaka mmoja na nusu kwa gharama yao, matokeo yamewekwa hadharani, nasi tukaufungulia mlango mfuko uleule walioutimua. Hakuna fundi wa mashine anayeona mwenzake wa jirani ameunguza dai (kinywa cha mashine kinachotoa plastiki iliyoyeyuka) kwa malighafi fulani, kisha akaagiza malighafi hiyohiyo.

Tuingie kiwandani, maana jibu lote liko huko. Mfuko huu ni plastiki tupu. Punje za polipropilini zinaingia kwenye hopa, skrubu inazisukuma ndani ya bareli, zinayeyuka na kufikia nyuzijoto 230 hivi, zinapita kwenye chujio na pampu ya kupimia, halafu zinatokea kwenye dai yenye maelfu ya matundu madogo. Hewa inazivuta nyuzi hizo hadi ziwe nyembamba kuliko unywele, zinatua kwenye mkanda unaotembea, kisha rola mbili za moto zinazibana kwa nukta nukta. Zile nukta unazozigusa kwenye mfuko ndizo alama za rola. Kwa hiyo tulifunga ekstruda (mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki) ya filimu na kufungua ekstruda ya nyuzi.

Sasa hesabu. Mfuko halali ulitakiwa uwe na gramu zisizopungua 70 kwa kila mita ya mraba. Chukua laini yenye upana wa mita 1.6 na ekstruda inayotoa kilo 336 kwa saa. Ili upate gramu 70, mkanda uende mita 50 kwa dakika. Opereta akigeuza kitufe mkanda ukaenda mita 100, skrubu haijaguswa, joto halijaguswa, umeme wa bareli ni uleule, lakini kitambaa kinatoka gramu 35. Kilo zilezile za malighafi zimezaa mita mara 2, na mifuko mara 2. Karatasi ya uzalishaji inamwonyesha mwenye kiwanda kwamba ufanisi umepanda, na kwa takwimu za mita kwa saa kweli umepanda.

Hapa ndipo ugomvi wangu wa siku nyingi ulipo, na wasomaji wa safu hii wameuchoka, lakini narudia. Usiweke kizingiti cha sheria kwenye kipimo ambacho opereta anakibadilisha kwa kitufe kimoja saa nane za usiku. Kenya ilijaribu kwa filimu: mwaka 2007 ikakataza mifuko iliyo chini ya maikroni 30, mwaka 2011 ikapandisha hadi maikroni 60, na mara zote mbili mfuko mwembamba ulibaki mitaani. Sababu ni ileile. Kwenye mashine ya filimu, unene unatawaliwa na kiasi unachopanua puto na kasi ya rola za kuvuta. Ongeza kasi, filimu inanyooka, maikroni zinashuka, na mkaguzi anayefika asubuhi anapewa roli iliyokatwa kwa mwendo wa taratibu. Gramu 70 ni mtego uleule, umebadilishwa jina la kipimo tu. Ndiyo maana haikuwa ajabu baraza letu la mazingira, NEMC, na shirika la viwango, TBS, walipolazimika kuanza kuonya kuhusu mifuko mbadala iliyo chini ya kiwango.

Na kitambaa chembamba hakipungui nguvu tu. Nyuzi hazitui sawasawa mkandani. Kuna mahali zinarundikana na mahali zinaachana. Kwenye gramu 70 tabaka moja linaficha kasoro ya jingine. Kwenye gramu 35 hakuna cha kuficha, na mfuko unachanika palepale nyuzi zilipoachana. Ongeza chokaa iliyochanganywa kwenye punje ili kupunguza bei, ongeza mkono uliogandishwa kwa joto badala ya kushonwa, na ondoa kinga ya jua ambayo polipropilini haiwezi kuishi nje bila hiyo. Matokeo yake ni mfuko unaokatika mkono kabla hujafika nyumbani na kuwa unga ukiachwa juani.

Hesabu nyingine ndiyo inayoniuma zaidi. Mfuko wa zamani wa filimu ya maikroni 15 ulikuwa na gramu 14 hivi za plastiki kwa mita ya mraba. Huu wa gramu 70 una karibu mara 5 ya hiyo. Maana yake lazima ubebewe mizigo mara 5 ndipo tuwe tumerudi pale tulipoanzia, bila faida yoyote. Ule wa gramu 35 una mara 2 na nusu, nao hauna uhakika wa kumaliza safari ya kwanza.

Mpelekeeni mfuko huo mtu wa Matombo, hapa mkoani Morogoro. Huko mzigo ni nanasi, fenesi, ndizi, pilipili manga. Vitu vizito au vyenye miiba, na njia ni ya kupanda na kushuka milima. Mvua za upande wa mashariki wa Uluguru hazibembelezi, na kila kinachotupwa mtaroni kinaifuata mito inayoshuka kuingia Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Mfuko uliokatika mkono Matombo hauishii Matombo.

Mkoa huu ulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na mashine isiyofaa mahali. Morogoro ndiko kilikojengwa kile kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kilichopangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Kilikuwa na mitambo ya kisasa, kuta za alumini na hakikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Nitaendelea kukitaja kila tunapochagua kitu kwa kutazama mtambo bila kumtazama mtumiaji.

Tulikuwa na mashujaa wetu. Kikapu cha ukindu ni ukili mmoja mrefu, unashonwa kwa kuzungushwa kutoka kitakoni hadi mdomoni, mkono wa kamba umepitishwa ndani ya mwili, na uzito unagawanyika kote. Nanasi haliwezi kukitoboa. Kwa mizigo mikubwa kulikuwa na tenga, na kulikuwa na katani, zao ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa tukilizalisha kwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, mashamba yakiwa hapa hapa Kimamba na Ngerengere. Juni 2019 ilikuwa nafasi ya kuyafungulia soko hayo yote kwa mpigo. Mashine za filimu zingeelekezwa kwenye viriba vya miche na vifungashio vya viwandani, kazi zilizoachwa halali na kanuni. Soko hilo tukaipa polipropilini.

Kwa TBS na NEMC, kama mfuko huu utaendelea kuwapo, acheni kutegemea mizani. Tundikeni kilo 10 kwenye mkono, mfuko uinuliwe na kushushwa mara mia kadhaa, kisha anikeni kipande juani kwa wiki kadhaa na kukipima tena. Chukueni sampuli dukani, kamwe si kwenye roli mliyoandaliwa kiwandani. Opereta hana kitufe cha kudanganya vipimo hivyo bila kutumia malighafi inayotakiwa.

Nawe msomaji, kabla hujatoa hela, uelekeze mfuko juani na uutazame kwa ndani. Ukiona mawingu, sehemu nzito na sehemu nyepesi, mrudishie muuzaji na uulizie kikapu.